Herufi Iliyofutika

Walisema Jumanne.
Jumanne ikaja, treni ikaja,
ikashusha magunia ya chumvi, marobota ya mitumba,
magodoro ya mwalimu anayehamia Urambo,
boksi langu halimo.
Karani wa vifurushi akapandisha miwani,
akanitazama kama mtu aliyekuja kuidai mvua:
“Labda limelala Dodoma, dada Nyamizi.
Labda Alhamisi.”

Nimengoja tangu masika,
tangu picha yake ilipotoka,
kompyuta ya mezani, toleo la mwaka huu,
nami nikaikuza kwenye simu kwa vidole viwili,
nikahesabu matundu yake ya mgongoni
kama mnunuzi mnadani anavyohesabu meno ya ng'ombe.
Ndipo nikachapa. Nikachapa mikataba ya tumbaku,
barua za kuomba kazi, barua za kuacha kazi,
ratiba ya mazishi ambayo wafiwa waliibadilisha mara nne.
Ukurasa elfu moja, elfu moja koponi,
kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda, Isevya.

Ile ya zamani ilijua.
Ikaanza kuzimika katikati ya wasia wa watu.
Kwenye kibodi yake A ilifutika kwanza.
Lugha yetu hii! Haipigi hatua mbili bila A:
mama, haraka, maana, samahani, kaka lala.
Q bado inang'aa.
X imekaa pembeni kama mgeni asiyepewa jembe.

Alhamisi, Masele na guta lake.
Boksi limechorwa mishale, upande huu juu;
amelilaza ubavu, amelikalia.
Sikumgombeza. Nilikuwa nanusa plastiki mpya.

Siku tatu sikuiwasha.
Majirani wakachungulia: “Imekufa?”
Nilikuwa naifungua.
Kibandiko cha dhamana nilikikata kwa wembe,
mkono ukitetemeka kama wa ngariba mwanafunzi.
Kioo cha ubavuni nikakitoa, na zile taa za rangi saba;
mimi sifungui disko.
Nkwabi seremala akanirandia ubao wa mninga,
akatoboa vitundu kwa msumari wa moto,
chumba kikanuka moshi mtamu hadi Jumapili.
Penye feni nikafunga kitambaa cha kuchujia asali,
maana vumbi la Tabora haliogopi toleo la mwaka wowote.
Kisha kumbukumbu. Ilikuja na gigabaiti nane,
nikachomeka nane nyingine, kidole kikasikia: tik.
Tik moja tu.
Bibi, chumba cha pili, alikuwa ananiita
kwa jina la shangazi aliyekufa.
Nikaitika.

Usiku wa tatu ikawaka.
Ikaniuliza jina. Nikaandika Nyamizi,
ikapiga mstari mwekundu chini yake.
Isevya: nyekundu. Nkwabi: nyekundu.
Ugali, nyekundu. Rambirambi, nyekundu pia.
Ukurasa mzima kama daftari la mtoto aliyefeli.
Basi nikakaa nayo mpaka jogoo,
neno kwa neno, nikiiambia:
hili ni neno, hili ni mtaa, huyu ni mtu.
Moja moja mistari ikaondoka.
Jina langu nililiacha la mwisho,
nikaliangalia kidogo likiwa kosa.

Kibodi mpya? Ipo, ndani ya nailoni yake.
Nimechomeka ya zamani.

Asubuhi akaja Bwana Kapaya na kofia mkononi,
chama cha msingi hakijamlipa marobota sita.
“Anza kwa ukali,” akasema. “Anza na neno Aibu.”
Nikaweka kidole
pale pasipoandikwa kitu.